Kizingiti

Simu ya mama inazimika ikiwa na asilimia sitini.
Si sifuri. Si tano. Sitini,
na mteja amesimama, samaki kwapani,
amekwisha kuvua glavu ili alipe,
vidole vinageuka rangi.
Yakutsk, Januari, nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri:
sokoni samaki wamesimama wima ndani ya ndoo kama kuni,
na mama yangu, Ogdo, anaificha simu ndani ya koti, kifuani,
kama kifaranga aliyechelewa kuanguliwa.

Fundi wa karibu na daraja alisema: nunua mpya.
Kijitabu kilisema, kwa herufi za sisimizi: usitumie kwenye baridi.
Kama kwamba tuna msimu mwingine
wa kuuza samaki walioganda.

Basi nikaifungua.
Si kwa bisibisi. Mfumo wake endeshi uko wazi kwa atakaye,
msimbo chanzo wote, mamilioni ya mistari;
nilipakua siku mbili kwa intaneti yenye kikohozi,
na usiku wa tatu nikaingia
kama anayeingia nyumba ya watu walio safarini:
taa zinawaka, vikombe havijaoshwa.

Nani alijua simu imebeba maneno mengi hivi?
Kuna faili zima la kuamua mtetemo uwe mfupi kiasi gani.
Kuna wawili waliogombana juu ya mwezi wa Februari.
Kuna mahali pameandikwa, nyuma ya mikwaju miwili,
mikwaju ya kibodi, si ile ya kutia kwenye uji:
"Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi."
Sikugusa. Nilipita kwa ncha za vidole.

Kizingiti nilikikuta kwenye faili la betri,
mstari wa elfu moja na kumi na nne:
milivolti 3400. Chini ya hapo, zima.
Na pembeni: "Inatosha, nadhani. Tutapima baadaye."

Baadaye haikuja.
Nilimfikiria huyo mwenye "nadhani":
shati la mikono mifupi, dirisha wazi,
Ijumaa, begi liko tayari begani.
Hana ubaya. Ni nadhani yake tu
iliyokuwa ikimfungia mama soko.

Nikafuta nne. Nikaandika sifuri.

Kujenga upya kulikula saa saba.
Kompyuta ilinguruma, chumba kikapata joto,
paka akahama kutoka kwenye jiko la ukutani.
Alfajiri nikaipakia simu: nembo, giza, nembo, giza.
Mama akaitazama, akanitazama,
akaenda sokoni bila simu na bila neno.
Kumbe nilikuwa nimejenga kwa ajili ya mdogo wake,
toleo la mwaka uliofuata, sura moja, matumbo tofauti.

Saa saba nyingine.

Najua betri itachakaa kabla ya siku zake.
Nilimwambia, sikumficha.
"Hata magoti," alisema, akafunga kilemba cha sufu.

Saa nane mchana ikalia yangu.
"Wale wadogo wamekwisha. Lete ndoo ya barazani."
Nikangoja aseme zaidi. Alikuwa anapumua.
Nyuma yake theluji ililia chini ya buti za mtu,
mtu akauliza bei, akajibiwa, akalipa;
nilisikia mlio wa malipo kuingia.
"Imeandika kumi na moja," mama alisema.
"Kumi na moja, na bado nakusikia."

Nikarudi kwenye ule mstari.
Chini ya neno la yule mtu sikufuta kitu.
Niliongeza mikwaju yangu miwili, kisha:
"3000. Imepimwa. Sokoni, kifuani mwa Ogdo, hasi 47."
Nikahifadhi.
Nikaenda kuitafuta ndoo, ikawa imeshikana na barafu,
nikaipiga teke mara tatu.